Safari Zisizo za Msiba

Nkuhungu, Dodoma. Jumapili, 9 Juni 2024

Leo wakati wa chakula nimewatangazia wajukuu kwamba Jumamosi ya tarehe 22 tunasafiri sote. Mdogo wao, wa darasa la pili, akaacha kutafuna. "Bibi, nani amekufa?"

Wakubwa wakamcheka, lakini mimi swali lake limenikaa moyoni. Ana haki ya kuuliza. Katika ukoo wetu gari likijaa watu, basi ni msiba, au harusi, au mgonjwa anapelekwa hospitali. Wanangu wanne nimewalea huku nikihamishwa shule hadi shule, Kongwa, Mpwapwa, tena Kongwa, na sikumbuki hata siku moja niliyowaambia: twendeni tukaone kitu, kisha turudi nyumbani. Likizo ilikuwa ya shamba. Baba yao naye alikuwa kwenye genge la reli, leo Gulwe kesho Kidete. Mvua ikisomba njia, tulikuwa hatumwoni wiki tatu.

Sasa sote wawili tumestaafu. Nimemwomba mzee kila mwezi tutenge elfu hamsini kwenye pensheni zetu, ziingie kwenye kibubu cha matembezi. Amekubali papo hapo. Yeye hakubali jambo papo hapo.

Ijumaa, 21 Juni

Chapati 30, mayai ya kuchemsha, karanga, chupa mbili za chai. Masweta pia, maana upepo wa Juni huku kwetu unapenya hadi kwenye mifupa.

Mwenye gari tuliyemlipa kishika nafasi hapokei simu tangu asubuhi. Nimeumia, pesa ile ilikuwa ya wajukuu. Mkwe wetu amesikia, akasema, "Mama, msihangaike, nitawapeleka mwenyewe na gari langu la kazi." Mungu amzidishie.

Jumapili, 23 Juni

Jana nimeiona michoro ya Kondoa Irangi.

Nimeifundisha miaka 34. Kila mwaka nilisimama ubaoni na chaki nikachora mwindaji, upinde, na mnyama ambaye watoto walidhani ni mbuzi, halafu nikaandika: michoro ya mapangoni, Kondoa Irangi. Watoto walinakili, wakajibu mtihani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, na ni mkoa wetu huuhuu.

Zamani sababu tulikuwa nayo. Barabara ya kwenda Babati ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, basi likikwama mnalala njiani. Sasa ni lami kilomita zote 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Tuliondoka alfajiri, tukapita Mayamaya na Haneti watoto wakiwa bado wamelala. Waliamka tulipokaribia Kondoa, wakaanza kuonyeshana makorongo mekundu. Hapo ualimu ukanirudia. Nikawaeleza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko ili nyasi na miti irudi. Mzee akaniambia kwa upole, "Mwalimu, waache watazame." Nikanyamaza, nao wakatazama.

Kolo tulimchukua mwongozaji, tukaiacha lami na kuingia njia ya mawe. Mwisho gari halipandi, mnapanda kwa miguu. Goti langu la kushoto lilikataa mara mbili. Mjukuu wangu wa kwanza, kijana wa miaka 15 ambaye nyumbani haachi simu, alikuja akanipa bega, na hakuliondoa hadi juu.

Nilitegemea kitu kikubwa. Si kikubwa. Ni jiwe lililoinama kama paa la kibanda, na chini yake kuna rangi nyekundu iliyofifia, nyekundu ileile ya udongo wa makorongo tuliyopita. Mwanzoni huoni kitu. Ukitulia, anatoka twiga. Kisha anatoka tembo. Kisha wanatoka watu, na hao watu ndio walionishika: wembamba, warefu, miguu kama mabua ya uwele, vichwa vina nywele kubwa za mviringo. Mimi ubaoni nilikuwa nachora watu wanene! Kuna kundi la watu watano, wa katikati yao kama anavutwa huku na huku. Mary Leakey, aliyekuja kunakili michoro hii mwaka 1951, aliona kwamba ni mtu anatekwa. Mjukuu wangu wa kike akasema wanacheza ngoma. Nilimwambia atazame tena, akatazama, akasema bado wanacheza ngoma. Sikumsahihisha.

Sehemu nyingine kuna michoro myeupe, minene, juu ya ile myekundu. Mdogo akauliza nani aliyeharibu ya kwanza. Mwongozaji akamjibu kwa utaratibu mzuri kwamba ile myekundu inahesabiwa kuwa ya wawindaji wa kale, ambao Wasandawe na Wahadzabe wanahusishwa nao, na ile myeupe ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Mtoto alinyoosha kidole kutaka kugusa, mwongozaji akamshika mkono kabla hajafika. Akatuambia kuna wageni waliokuwa wanamwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha, na kila maji yaliyomwagwa yameondoka na kitu. Hilo lilinichoma. Eneo hili liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, lakini ulinzi wake wa kweli ni mkono wa mtu mmoja uliowahi kidole cha mtoto.

Pango linaloitwa Mungomi wa Kolo bado lina wenyewe. Wazee wa huko huenda kutambika, kuomba mvua. Tuliposikia hivyo mzee akavua kofia, na wajukuu wa kiume, bila kuambiwa, wakavua zao.

Chapati tulikula chini ya mti. Hazikubaki.

Jumatano, 3 Julai

Goti limevimba. Shoga yangu amekuja kunijulia hali, akanishauri hizo pesa za kutembea ningejengea chumba cha kupangisha. Ni ushauri wa mtu anayenipenda. Nimemjibu kwamba chumba watakuja kujenga wajukuu, lakini miguu hii ninayo mwaka huu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mpunguzi, shambani kwa jamaa, msimu wa zabibu. Tumekwenda asubuhi tukarudi saa nane. Wajukuu wameishi Dodoma maisha yao yote, zabibu wanazijua za kwenye ndoo kando ya barabara. Hawakujua kwamba hapa kwetu mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Walikata wenyewe, mikono ikanata hadi viwikoni.

Jumapili, 15 Desemba

Jana ilikuwa zamu ya babu yao. Treni ya SGR imefika Dodoma tangu 25 Julai, naye kila nikimwambia twende anasema bado. Nadhani aliogopa. Amefanya kazi reli ya zamani, ile ya Wajerumani, miaka 30, na nyundo yake ya genge bado iko nyuma ya mlango.

Tulikwenda Morogoro na kurudi. Wajukuu walihesabu mahandaki, manne, wakipiga kelele kila taa za ndani zilipotuakisi kwenye vioo. Mzee alikaa dirishani na hakusema neno. Mara akanigusa mkono: "Ile pale." Ilikuwa njia yake ya zamani, chini bondeni, kando ya mto. Akaanza kuwataja wenzake, mmoja mmoja, na mahali kila mmoja alipokuwa anasimama usiku ule maji yalipokuja. Wajukuu waliacha kuhesabu, wakamsogelea. Miaka 41 ya ndoa, na hayo mimi sikuwahi kuyasikia. Ilibidi tuketi kwenye gari moshi lisilo na moshi, hatuna pa kuwahi, ndipo ayaseme.

Safari iliyokuwa inammalizia usiku mzima haikufika saa mbili na nusu.

Krismasi wanakuja wajukuu watatu wa Dar es Salaam. Jumamosi ya tarehe 28 tunakwenda bwawa la Hombolo, wote saba, samaki tutanunua kulekule. Mdogo ameshauliza tunaondoka saa ngapi.