Giaboksi ilisingiziwa!

Basi bwana, nilibakiza kidogo tu niuze Benzi la marehemu baba. Ni 240D ya mwaka 1982, dizeli, otomatiki. Ghafla likaanza vituko: kila gia ikiingia linapiga teke kama punda, mama huko nyuma anashika kifua.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. "Dogo, giaboksi imekufa. Tafuta milioni mbili." Milioni mbili, wakati kodi ya chumba nakopa! Nikaanza kusaka mteja wa skrepa.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, dereva mstaafu. Akaniuliza, "Mwanangu, ukizima swichi, injini inazimika palepale?" Nikamjibu hapana, mpaka nifungue boneti niizime kwa mkono. Mzee akacheka.

Kumbe kwenye dizeli hizo injini huzimwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye pampu yake. Mvuto huohuo ndio unaoifanya giaboksi ibadilishe gia kwa ulaini. Ukivuja, gia zinapiga.

Tukapima kwanza oili ya giaboksi, injini ikiwa ya moto na inanguruma. Nyekundu, wala hainuki kuungua. Tukafuata vimpira vya hewa kimoja kimoja. Kimoja kimepasuka! Kipya, shilingi elfu tano.

Siku hizi mama anasinzia humo humo garini. Nawe msomaji, fundi akikwambia giaboksi imekufa, muulize kwanza: umepima nini?