Inakuja Hivi Karibuni

Nyumbani kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, deki ilikuwa na sheria moja: hakuna kugusa rimoti mpaka trela ziishe. Sheria hiyo niliitunga mimi mwaka 2008, nikiwa kidato cha pili, na nikailinda kwa makelele, mara nyingine kwa machozi. Dada yangu alikuwa mtu wa kuruka. CD ikishamezwa tu, kidole chake kiko kwenye kitufe. Anaitaka muvi aliyoikodi kwa shilingi 300 laibreri. Mimi nilizitaka zile dakika kumi za mwanzo ambazo hakuna aliyezilipia, maana humo ndimo nilimomkuta Kanumba wa mwezi ujao.

Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Kwetu hilo lilikuwa zito kuliko uigizaji wenyewe. Mkoa wetu ulijulikana kwa almasi za Mwadui, kwa pamba na kwa vumbi. Tukiandikwa magazetini, mara nyingi ilikuwa habari ya vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Ghafla tukawa na mtu wa kumtaja kwa kujidai. Kila mtaa ulikuwa na mmoja anayeapa kwamba alikaa naye dawati moja, au kwamba shangazi yake alikuwa jirani na kwao. Hatukuwaamini, lakini hatukuondoka mpaka wamalize kusimulia.

Nilianza kumwona nikiwa darasa la nne, enzi za Kaole. Kaole Sanaa Group walikuwa wakirusha michezo yao ITV, na jirani yetu mwenye dishi alitufungulia mlango kwa sharti la kunawa miguu kwanza. Kanumba alikuwa kijana tu kati ya vijana wengi. Trela yangu ya kwanza wala haikuitwa trela: mchezo ukifika patamu unakatwa, kisha vinaletwa vipande vya wiki ijayo, mlango unabamizwa, mtu anapiga magoti, mwingine anageuka kwa mshtuko. Katika vipande hivyo nilitafuta sura moja. Nikiiona, narudi nyumbani nimetulia. Nisipoiona, wiki nzima nawaza wamemfanya nini.

Halafu filamu zikashika nafasi ya michezo ya runinga. Mwaka 2006, mwaka wa mgao mkali wa umeme, ilitufikia Johari, ambamo aliigiza na Ray na Blandina Chagula. CD zilitoka Dar es Salaam kwa basi, karibu kilomita 1,000, na zilipofika kwetu, watu wa Dar walikuwa wameshaziongea mpaka wamechoka. Trela ndiyo iliyotuweka sawa nao kidogo. Filamu mpya ilichelewa, lakini tangazo lake lilikuwa limeshakuja tumboni mwa filamu iliyotangulia: maandishi ya Kiingereza yanayowaka moto, muziki wa kutisha hata kama hadithi ni ya mapenzi, na Kanumba ndani ya suti akitazama mbali. Mwisho, neno la ahadi: inakuja hivi karibuni.

Siku hizo filamu moja iliuzwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili. Ya kwanza haikuisha, ilikatika tu, na hapo hapo ikafuata trela ya sehemu ya pili. Abiria wa mabasi ya bara watanielewa. Unapanda Dar, baada ya Morogoro kondakta anaweka sehemu ya kwanza, Dodoma mnashuka kula, mkirudi anaweka ya pili, na mama uliyekaa naye kiti kimoja anashuka Singida huku anageuza shingo mlangoni. Safari moja mama wa namna hiyo alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, ukikutana na mtu wa kwetu, mwambie ilivyokwisha." Hakuniambia kwao ni wapi.

Nilikuwa na daftari. Mbele Jiografia, nyuma trela za Kanumba. Kila trela mpya niliiandikia ubashiri, na filamu ikifika najisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nikimwona analia, naandika: amefiwa. Kumbe ameachwa. Nikimwona na begi, naandika: anasafiri. Kumbe amefukuzwa. Na alijua kulia yule bwana; machozi yake yalinidanganya kuliko ya mwigizaji mwingine yeyote. Sikupata hata nusu ya majibu, na wala sikukasirika. Nilijifunza kwamba trela inakuonyesha tukio na kukuficha sababu yake, nikaanza kuipendea hapo hapo.

Trela zake nyingine sijazisahau mpaka leo. Ya Dar 2 Lagos ilitunyamazisha sebule nzima. Mercy Johnson tulimjua kwa filamu za Nigeria. Kumwona yupo na mtoto wa Shinyanga kwenye fremu moja kulikuwa kama kumkuta rais kwenye foleni ya maji bombani. Ya Oprah tuliirudia mara tatu, kwa kuwa Kanumba na Ray walikuwa pamoja humo, na wakati ule mtu alikuwa ama wa Kanumba ama wa Ray, hakukuwa na katikati. Ya Uncle JJ, ya mwaka 2010, ndiyo iliyomtoa mama jikoni. Mama alikuwa hana habari na filamu. Alisikia sauti za wale watoto wawili, Jennifer na Patrick, akachungulia na mwiko mkononi, akacheka, na akauliza lini inakuja. Nilijibu kwa madaha ya mtu wa ndani: "Karibuni."

Kisha nikakua, kwa maana mbaya ya neno hilo. Mwaka 2011 niliingia kidato cha tano, shule ya bweni, kati ya wavulana waliotazama filamu za Marekani kwenye kompyuta na kucheka za kwetu. Walisema Bongo muvi zinaiga Nigeria, trela zao ndefu kama filamu yenyewe, mtu akifungua geti unamngoja mpaka apaki gari. Kwa hili la geti walikuwa na haki. Trela ya Devil Kingdom, filamu aliyocheza na Ramsey Nouah, niliiona likizoni. Miaka mitatu nyuma ningepiga kelele. Safari hii nilitazama kidogo, nikanyanyua rimoti, nikaruka. Dada alikuwa ameshaolewa Kahama. Hakuwepo wa kunicheka. Daftari sikumbuki hata lilikoishia.

Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, kesho yake Pasaka, nilikuwa nyumbani. Asubuhi simu ikaingia ujumbe kutoka kwa mwenzangu wa bweni: "Kanumba amefariki." Nilimjibu, "Muvi gani hiyo?" Sikuwa natania. Nilikuwa nimemwona kwenye trela nyingi mno, amelala kitandani mwa hospitali, watu wanalia juu yake. Kichwa changu kiliipeleka habari ile mahali pake pa kawaida. Nikadhani kuna filamu mpya inakuja. Redio ya mama ndiyo iliyonitoa huko. Alikuwa na miaka 28. Mama alisimama mlangoni mwa jiko akauliza, "Yule mjomba wa wale watoto?" Nikasema ndiyo. Akaketi.

Tarehe 10 Aprili tulitazama kwenye runinga watu wakiwa wamefurika Leaders Club, Kinondoni, wengine wakizimia na kubebwa, kabla ya kwenda kumzika makaburi ya Kinondoni. Usiku ule nilitoa sanduku la CD uvunguni, nikaweka moja, sikumbuki ipi. Kabla ya muvi zikaja trela, na Kanumba akatokea ndani ya suti, akatazama mbali. Kisha maneno yale ya moto: inakuja hivi karibuni. Sikuruka. Baadaye ilitoka Love & Power, filamu aliyoiacha, na trela yake niliitazama peke yangu, bila kubashiri kitu. Nilikuwa namwangalia anavyotembea.

Leo nina simu, na trela zinanifuata zenyewe mpaka kitandani. Nzuri kuliko zile, nakiri: picha safi, sauti inasikika, mtu hangojwi mpaka apaki gari. Nafurahi kuona vijana wetu wamefika huko. Ila sasa sibashiri, kwa sababu hakuna muda wa kungoja: trela ikiisha, filamu iko chini yake, unabonyeza tu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yule yule, nilimwonyesha filamu ya Kanumba kwenye simu. Akaniuliza, "Mjomba, hapa mwanzo mbona pamekatwa?" Kweli pamekatwa. Filamu nyingi za zamani ninazokutana nazo mtandaoni zinaanzia kwenye muvi. Waliozipandisha waliziruka trela, kama alivyokuwa anafanya mama yake.

Mwaka jana dada alinirudishia mfuko wa CD aliokuwa ameuchukua alipoolewa. Tulitafuta deki mtaa mzima, tukaipata kwa fundi redio. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio unaoshikwa na vidole na kukwaruzwa na mchanga. Kwa hiyo filamu zilikwama, moja dakika ya 40, nyingine kabla ya hapo. Trela, kwa kuwa ziko mwanzoni, karibu na tundu la katikati, zilifunguka karibu zote. Dada alishika rimoti muda wote na hakubonyeza.

Msomaji, kama kwenu kuna mfuko wa namna hiyo, juu ya kabati au uvunguni, usiutupe na usiwape watoto wachezee. Futa CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Tafuta mtu akuhamishie kwenye kompyuta. Na umwambie aanzie mwanzo kabisa, kwenye trela.