Haki ya Kusimama Mahakamani

Mwaka 1989 nilikuwa mwanagenzi wa uwakili jijini Nairobi. Wakati huo Kenya haikukosa sheria zilizogusa mazingira. Tulikuwa na sheria ya misitu, ya maji, ya wanyamapori na ya afya ya umma, na makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, yalikuwa kwetu Gigiri. Kilichokosekana ni sheria ya kumwambia mwananchi kwamba mazingira safi ni haki yake, na kwamba anaweza kuidai. Pengo hilo nililiona Desemba ya mwaka huo.

Ilikuwa imejulikana kwamba ndani ya bustani ya Uhuru Park, katikati ya jiji, lingejengwa jumba la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama tawala. Bustani ile ilikuwa pumziko la watu wasio na ua nyumbani. Saa ya chakula cha mchana makarani na wasaka kazi walijinyoosha nyasini; Jumapili familia zilitoka Kibera na Eastlands kuja kupigwa picha na kupanda mashua. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, aliandika barua serikalini na Umoja wa Mataifa. Wabunge wakamkejeli. Akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe.

Nilikaa benchi la nyuma nikitarajia kusikia hoja za miti, hewa na watoto wa mjini. Hazikufikiwa. Swali lililoamua kesi lilikuwa moja: mama huyu ana haki gani ya kushtaki? Ardhi si yake, wala hakuonyesha madhara yaliyompata yeye peke yake. Wa kuutetea umma ni Mwanasheria Mkuu. Ombi likatupwa. Tulipotoka, wakili aliyekuwa akinifundisha kazi alisema, “Kijana, kesi hii haikushindwa. Haikusikizwa.”

Jumba lenyewe halikujengwa. Kelele zilisambaa hadi kwa wafadhili wa nje, nao wakarudi nyuma; mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushiwa eneo la ujenzi ukaondolewa. Mwaka huohuo mataifa yalikutana Rio de Janeiro, na Kenya ikatia saini mkataba wa bayoanuwai. Hata hivyo, saini ya Rio haikumfikisha mwananchi mbele ya jaji. Msitu wa Karura, hapo Nairobi, ulipoanza kumegwa kugawiwa watu binafsi, waliokwenda kupanda miche Januari 1999 walishambuliwa, na Profesa Maathai akapasuliwa kichwa.

Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ikaanza kutumika Januari 2000. Iliunda NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na kutaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwanza. Mimi nilikimbilia kifungu cha 3. Kilisema kila mtu nchini ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na anayekwenda mahakamani kuitetea halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Swali nililolisikia miaka kumi nyuma lilikuwa limejibiwa. Katiba ya 2010 ikaikita haki hiyo katika vifungu vya 42 na 70.

Matunda yake yameonekana. Wakazi wa Lamu walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni, likafuta leseni yake kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo.

Vijana wengi hudhani sheria hizi tuliletewa na mikataba ya kimataifa. Mikataba ilisaidia, lakini haki ya kusikizwa ilidaiwa na watu waliotukanwa na kupigwa hapahapa Nairobi. Ndiyo maana mtu akiniuliza afanye nini kijito cha kwao kinapogeuzwa jaa la taka, humwambia apeleke malalamiko NEMA, na wasipomsikiliza aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hatahitaji kuwa na hatimiliki ya mto.