Innsbruck, Mji Uliozaliwa na Daraja

Katika nchi ya Austria, katikati ya milima ya Alps, upo mji uitwao Innsbruck, makao makuu ya jimbo la Tirol. Mto Inn hupita humo, ukitoka Uswisi kwenda kuungana na mto Danube huko Ujerumani. Maana ya jina hilo ni daraja la mto Inn, na kwa kweli daraja ndilo lililouzaa mji huo.

Tangu zamani wafanya biashara waliotoka Ujerumani kwenda Italia walivuka milima kwa njia ya Brenner, ambayo kimo chake ni futi 4,500 hivi tu. Lakini kwanza iliwapasa kuuvuka mto, na hapo pa kuvukia pakawa soko. Mwaka 1180 watawala wa ukoo wa Andechs walipatana na watawa wa Wilten, wakapata ardhi ng'ambo ya kusini, na soko likahamia huko. Mwaka 1420 mtawala wa Tirol alifanya makao yake mjini. Mwaka 1500 ilikamilika roshani ya Mfalme Maximilian, yenye paa la vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Mpaka leo wageni huja kuitazama.

Ardhi ifaayo kwa makao na kilimo katika jimbo hilo ni haba, yapata sehemu moja katika nane. Iliyobaki ni mawe, misitu na theluji. Wakati wa joto ng'ombe hupandishwa malishoni milimani, na huku bondeni watu hukata majani na kuyakausha yawe akiba ya majira ya baridi. Misitu ya mitelemkoni hulindwa sana, kwa kuwa miti huzuia theluji isiporomoke na kuzifunika nyumba.

Reli ya Brenner ilifunguliwa mwaka 1867, na baadaye ikaja barabara kuu. Siku hizi malori zaidi ya milioni mbili hupita huko kila mwaka. Wenyeji wataka hewa safi na usingizi. Wenye mizigo wataka njia. Jimbo likawawekea masharti wenye malori, na mwaka 2024 Italia ikaishtaki Austria mahakamani kwa ajili hiyo. Hata hivyo nchi hizo mbili zinachimba pamoja njia ya reli chini ya milima, ya urefu wa maili 34 hivi, ili mizigo ipitie huko. Njia ile ile iliyowalisha mababu ndiyo inayowalemea wajukuu, wala hawawezi kuifunga.