Gari Kutwaliwa: Sheria Inasema Nini, na Programu Zetu Zinafanya Nini?

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za seva na hifadhidata. Naandika juu ya mikopo ya logibuku na magari yanayotwaliwa huku kwetu, kati ya Ruiru na Thika. Subirini kidogo, mtaona sisi waandishi wa programu tunaingilia wapi.

Binamu yangu husambaza mayai kwa Probox aliyoinunua kwa mkopo. Alikuwa amebaki nyuma miezi 2. Vijana watatu walimkuta Ruiru akishusha trei, wakaitisha funguo. Aliomba barua, akaonyeshwa picha kwenye simu. Gari likapelekwa yadi Thika. Nilipomuuliza mbona hakusisitiza, akanijibu: "Deni ni langu, nitauliza kwa mdomo gani?"

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Nikakaa nikasoma sheria. Kwa ufupi:

1. Mkopeshaji ana haki. Gari la mkopo kwa kawaida husajiliwa NTSA kwa majina mawili, la mkopaji na la mkopeshaji. Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya 2017 inamruhusu kuandikisha dhamana yake kwenye rejista ya kielektroniki, na kuichukua mali usipolipa. Tusimwite mwizi.

2. Lakini kwanza ilani. Sheria hiyo hiyo inamtaka akupe ilani ya maandishi kwamba umeshindwa kulipa, na nafasi ya kurekebisha mambo.

3. Dalali si mtu yeyote mwenye misuli. Sheria ya Madalali ya 1996 inamtaka awe na leseni ya Bodi. Kanuni za 1997 zinataka barua ya maagizo, orodha ya mali na thamani yake, na ilani ya siku 7 ya kukomboa. Mnada haufanyiki kabla ya siku 7 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Akitarajia fujo, anaomba mahakama impe polisi.

4. Gari likiuzwa zaidi ya deni na gharama, baki ni la mkopaji. Likiuzwa chini, bado unadaiwa.

Kwa hiyo tuliandika barua tukiomba nakala za ilani, maagizo na hesabu ya mkopo. Ilani hatukupewa. Barua ya maagizo tulipewa, ila tarehe yake ilikuwa siku 2 baada ya gari kuchukuliwa! Sasa suala liko kwa wakili, na yadi inahesabu ada ya kila siku.

Haya, upande wetu. Siku hizi magari mengi ya mkopo yana kifaa cha GPS chenye laini ya simu ndani. Kifaa kikiunganishwa na relei kwenye waya wa pampu ya mafuta, seva hutuma amri na gari haliwaki. Kuiandika amri hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Ugumu ni kile ambacho seva haikijui. Mteja akilipa kwa M-Pesa, ujumbe wa malipo hutumwa kwa seva ya mkopeshaji. Seva ikiwa imelala dakika hiyo, na hakuna aliyelinganisha hesabu baadaye, mteja ana risiti kwenye simu huku hifadhidata ikisema anadaiwa. Ukiiacha programu iamue peke yake, umemzimia gari mtu aliyelipa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaliona hilo: kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine pekee katika jambo linalomwathiri kwa uzito.

Juzi mkopeshaji mmoja, si yule wa binamu, aliniomba nimjengee kitufe cha kuzima. Nilimpa masharti manne: gari lisizimwe likiwa linatembea, tarehe ya ilani iandikwe kabla kitufe hakijafunguka, malipo yalinganishwe upya kabla ya amri, na jina la aliyeidhinisha lihifadhiwe. Akasema atanipigia. Wiki ya tatu sasa, na mwenye nyumba wangu anapiga kuliko yeye.

Siwalaumu wakopeshaji wote. Mtu akikopa na kutoroka na gari, wakopaji waaminifu ndio watakaolipia kwa riba ya juu. Lakini zamani dalali alilazimika kufika, kutazamana na mtu na kujibu swali la barua iko wapi. Sisi tunaandika kitu kisichoulizika.

Ukipewa kazi kama hii, ndugu msomaji, weka ile sehemu ya tarehe ya ilani, na uifanye ya lazima. Na ukiwa mkopaji, itisha barua. Kudaiwa hakukunyang'anyi mdomo.

Mnasemaje wenzangu?