Mama Yake Padri ni Nani?

Ukimwuliza mtu yeyote wa Kitale au Bungoma mmisionari ni nani, mara moja atakutajia Mzungu mwenye ndevu, kanzu nyeupe na pikipiki kuukuu. Hata masomo yetu ya historia yametuzoesha hivyo. Tunasoma kwamba Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Tunasoma pia kwamba mapadri wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa huko London mwaka wa 1866, walifika Kisumu mwaka wa 1903 na Mumias mwaka wa 1904. Mwalimu akiuliza tunaandika tarehe, tunapata alama zetu, basi. Lakini wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimeyajua mengine kwa sababu mmisionari wa siku hizi ametoka nyumbani kwetu.

Ni mtoto wa baba mkubwa. Kwa desturi zetu sisi Wabukusu huyo si binamu bali ni kaka, tena ndiye mjukuu wa kwanza wa kiume katika boma la Kuka na Kukhu, karibu na misheni ya Kibabii, Bungoma. Sisi tunaishi Kitale, mtaa wa Tuwan, ambako baba ni fundi wa kushona nguo. Kila likizo napanda matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye nikamsaidie Kukhu kazi za shambani. Kaka alipomaliza kidato cha nne alijiunga na seminari ya wamisionari wa Mill Hill. Katika masomo yao, mseminari hupelekwa nchi ya kigeni kwa miaka miwili akajifunze kazi kabla hajapewa upadri. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 akapanda ndege Nairobi, akashuka Douala, nchini Cameroon.

Siku tuliyomuaga, watu wazima nyumbani hawakuwa na furaha tupu. Walikuwa na sababu. Mmoja wa wamisionari wa Mill Hill waliotoka hapa Kenya, Padri Cosmas Ondari, mzaliwa wa Kisii, alipewa upadri mwaka wa 2017 na kutumwa huko huko Cameroon. Tarehe 21 Novemba 2018 alipigwa risasi nje ya kanisa lake pale Kembong, akafa. Alikuwa kijana tu. Baba mkubwa alikuwa ameisoma habari hiyo gazetini na hakuisahau. Usiku ule nilimsikia akimwambia baba, "Mtoto wangu anaenda palepale." Baba hakumjibu.

Naomba niwaeleze kidogo juu ya nchi hiyo. Wajerumani waliitawala mpaka Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha Waingereza na Wafaransa wakaigawana. Mwaka wa 1961 sehemu ya kusini ya eneo la Waingereza iliungana na ile iliyokuwa ya Wafaransa. Mpaka leo mikoa miwili, Kaskazini Magharibi na Kusini Magharibi, hutumia Kiingereza, na mingine yote Kifaransa. Mwaka wa 2016 mawakili na walimu wa mikoa hiyo miwili waliandamana wakilalamika kwamba Kifaransa kinasukumwa katika mahakama na shule zao. Mambo yakaharibika. Kuanzia mwaka wa 2017 kukawa na vita kati ya jeshi na wapiganaji wanaotaka kujitenga. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, tunapobishana pale darasani kuhusu lugha ya taifa, tukumbuke kwamba kuna mahali ambapo jambo la lugha lilizaa bunduki.

Kaka alitumwa kijiji kimoja cha milimani katika mkoa wa Kaskazini Magharibi, ambao mji wake mkubwa ni Bamenda. Huniandikia mimi barua kwa sababu mbili. Kwanza, Kukhu hajui kusoma na mimi ndiye humsomea. Pili, huko hakuna hata mtu mmoja wa kuzungumza naye Kiswahili, naye anaogopa kitamtoka ulimini. Huandika kwa mkono, halafu hupiga picha karatasi hizo na kuzituma kwa simu ya mama mtandao ukipatikana. Barua zake zote zina tarehe za Jumatatu. Nilipomwuliza kwa nini, alinieleza kwamba tangu mwaka wa 2017 wapiganaji wameamuru kila Jumatatu watu wasitoke: maduka yafungwe, magari yasimame, shule zisifunguliwe. Basi yeye siku hiyo hufua kanzu yake, hushona vifungo, na hutuandikia sisi.

Nilipoanza kupata barua hizo nilitarajia visa vya kutisha na mahubiri makubwa makubwa. Kumbe wapi! Nyingi ni habari za ndoo na jembe. Huamka saa kumi na moja, husali na wenzake, kisha hufagia kanisa na kuchota maji kisimani. Baada ya chai humfuata katekista kwa miguu kwenda kuwaona wagonjwa. Kuna bibi mmoja kipofu ambaye humkatia kuni kila Ijumaa. Jioni huwafundisha watoto kusoma. Shule nyingi za mikoa hiyo zilifungwa kwa miaka, kwa hivyo ana wanafunzi wa miaka kumi na miwili ambao ndio kwanza wanajifunza a, e, i, o, u. Aliniandikia hivi: "Wewe unalalamika kuwa unaenda shule kwa miguu kutoka Tuwan kila asubuhi. Hapa kuna mtoto hunificha penseli yangu ili nisiondoke mapema." Nilinyamaza.

Chakula ndicho kilichomfariji mwanzoni. Siku ya kwanza waliweka mezani sahani ya unga wa mahindi uliosongwa na mboga za kijani. Wao huita chakula hicho fufu na njama njama. Alipoonja akacheka peke yake, wenyeji wakashangaa. Ilikuwa busuma na managu! Tofauti ni kwamba wao hukaanga kwa mafuta ya mawese. Nilipomsomea Kukhu sehemu hiyo alipiga makofi. "Basi hatakonda," akasema. Hata baridi ya huko anasema ni kama ya Kitale asubuhi ya mwezi wa Julai.

Lugha ilimsumbua zaidi. Wenyeji wana lugha zao za nyumbani, na wanapokutana watu wa makabila mbalimbali huzungumza pijini, Kiingereza kilichovunjwa na kuundwa upya mpaka hata mwalimu wetu wa Kiingereza angepotea. Neno la kwanza alilolishika ni "ashia." Ukimkuta mtu analima, unamwambia ashia. Mtu akijikwaa, ashia. Amefiwa, ashia. Mimi nilipolisoma nikasema, ah, hii si ni "pole" yetu? Kiingereza cha vitabuni hakina neno kama hilo, lakini Waafrika wa magharibi na sisi wa mashariki tunalo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2025 Kuka alifariki. Alikuwa ameugua muda mrefu. Baba mkubwa alimpigia kaka simu siku mbili mfululizo asimpate, kwa sababu mtandao haukuwepo. Alipopatikana, njia ya kutoka kijijini kwao ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Hakuweza kuja. Tulimzika Kuka mjukuu wake wa kwanza akiwa hayupo.

Wasomaji ambao ni wa Bungoma wanajua uzito wa jambo hilo. Waombolezaji walikuwa wakiuliza waziwazi, "Mjukuu mkubwa yuko wapi?" Siku ya kumuse, mzee aliyeitwa kusimulia habari za ukoo na kuwafariji watu aliwataja wajukuu mmoja mmoja. Alipofika kwa kaka alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Kukhu aliinamisha kichwa. Usiku alisema maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyasema. "Kwanza walimchukua asioe, jina la babu yake lisipate mtoto kwake. Sasa hata kumzika babu yake hakuja. Hao watu wa misheni wananidai nini?" Hakuna aliyethubutu kumjibu. Baba mkubwa alitoka nje.

Siku nne baadaye ukaja ujumbe wa sauti. Nilimwekea Kukhu simu sikioni. Kaka alizungumza kwa Kibukusu, akalia, halafu akasema, "Kukhu, ashia. Ashia sana." Akaeleza kwamba aliposikia habari za msiba, watu wa kijiji kile walikuja nyumbani kwa mapadri usiku, wakakaa naye mpaka alfajiri. Yule bibi kipofu aliongozwa na mjukuu wake, akaleta kuku. Watu ambao wenyewe wamezika watoto wao, na nyumba za wengine zimechomwa, walikaa kumlilia Kuka wetu, mzee wa Kibabii ambaye hawakumwona hata siku moja. Kukhu aliniambia nirudishe mwanzo. Alisikiliza mara tatu.

Hakusema lolote mpaka likizo ya Agosti. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe tukichambua maharagwe, mara akaniuliza, "Yule Fadha Mholanzi aliyenibatiza mimi, mama yake alikuwa nani?"

Nikamwambia sijui.

"Hata mimi sijui," akasema. "Alikaa hapa mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa akitengeneza baiskeli yake mwenyewe. Alikuwa akila busuma kwa mkono wa kushoto mpaka mama yangu akamfundisha. Alituzikia watu wetu wote. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, 'Fadha, mama yako ni nani? Nani alimzika?' Tulidhani ameanguka tu kutoka mbinguni."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Mimi nilibaki na swali hilo, na mpaka leo ninalo.

Sitaki mnielewe vibaya, ndugu wasomaji. Sisemi kwamba kila walichofanya wamisionari wa zamani kilikuwa kizuri. Wengi wao walizidharau mila zetu wakaziita za kishenzi. Hapa hapa Bungoma Elijah Masinde aliongoza Dini ya Msambwa kuwapinga wakoloni na dini yao, na mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku. Mambo hayo kaka anayajua, maana ni ya nyumbani. Aliniandikia kwamba ndiyo sababu alipofika kule alikwenda kwanza kuwaamkia wazee, akauliza anayopaswa kuyajua, akanyamaza. Alisema, "Mgeni akija na mdomo mkubwa kuliko masikio, amekuja kuharibu."

Ninachosema ni hiki. Tunapohesabu aliyetoa, huwa tunamhesabu yule aliyesafiri peke yake. Tunasahau kwamba kuna boma lililobaki na kiti kitupu. Mwaka wa 1904 mabomba ya kulia yalikuwa Uholanzi na Uingereza, sisi tukiwa wenyeji wanaopokea. Leo machozi yako Kibabii, na wenyeji wanaopokea wako Cameroon. Na wenyeji nao hutoa: kuni, kuku, usiku mzima wa kukaa na mgeni aliyefiwa. Yule bibi kipofu alikuwa mama wa kaka usiku ule, kama mama wa Kukhu alivyokuwa mama wa yule Mholanzi alipomshika mkono wa kulia akamwonyesha jinsi ya kumega busuma.

Hili halihusu mapadri tu. Wengi wetu humu shuleni tuna dada aliyekwenda kufanya kazi Saudia au Katari, au mjomba askari aliyetumwa kulinda amani. Sisi wenyewe, darasa la mwisho kufanya mtihani wa KCPE mwaka wa 2023, muda si muda tutatawanyika. Huko tutakakokwenda tutamkuta mtu wa kutufundisha kula. Na hapa kwetu Kitale, mji wa watu kutoka kila pembe, kuna wageni ambao mama zao wako mbali. Kuna wakimbizi sokoni, kuna Waturkana na Wapokot walioshuka na malori, kuna mwalimu wa mazoezi kutoka Pwani anayekula peke yake. Si lazima uwe na pesa. Mwulize tu, "Mama yako ni nani? Hajambo?"

Kaka amebakisha miezi michache kumaliza miaka yake miwili. Bado hatujui kama atapewa upadri, wala atatumwa wapi baadaye. Kukhu hajasema kuwa amekubali. Lakini Jumatatu iliyopita nilipomaliza kumsomea barua aliniambia niandike majibu, naye akanitajia neno kwa neno. Alianza kwa kuuliza habari za macho ya yule bibi. Akauliza kama wamepata mvua ya kupanda. Mwisho akasema, "Andika hivi: mwambie huyo mama, ashia."

Nami nikaandika.