Pancha Ugenini



Sisi tuendao kazini kwa baiskeli, kutoka Arlington kupitia Daraja la Key hadi Georgetown, twaijua vyema pancha. Kwetu Unguja lilikuwa jambo dogo: hatua chache mbele hakosekani fundi chini ya mwembe, na karai lake la maji, msasa na solusheni. Hapa zamu ya jikoni huanza alfajiri, ilhali duka la baiskeli hufunguliwa jua limeshapanda. Anayechelewa hukatwa ujira, na ujira ndio kodi ya nyumba.

Basi imetulazimu kuwa mafundi wa nafsi zetu. Twabeba tyubu ya akiba, vijiti viwili vya kung'olea tairi, na pampu ndogo. Njiani twabadilisha tyubu. Kiraka hubandikwa nyumbani jioni. Lakini kabla ya kutia tyubu mpya, sharti kutafuta kilichoitoboa ya kwanza. Tundu likiwa upande wa nje, huenda kigae cha chupa kingali kimejificha tairini. Kitafutwe kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu. Likiwa upande wa ndani, zitazamwe ncha za spoki na utepe unaozifunika. Matundu mawili yaliyokabiliana ni dalili kwamba upepo ulikuwa haba, tyubu ikabanwa baina ya ringi na ukingo wa shimo. Baridi hupunguza upepo, na barafu hupasua lami. Kwa hiyo tupime upepo kila wiki, kwa kipimo kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Yakishindikana yote, mabasi ya Metrobus yana kichanja cha baiskeli kwa mbele.

John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alikuwa daktari wa mifugo mzaliwa wa Scotland akiishi Belfast. Tairi lake la kwanza alimtengenezea mwanawe mdogo. Naye alikuwa mbali na kwao.

Nasi, jioni za Jumamosi, twaweka karai sakafuni, wana wetu wa kike na wa kiume wakaizamisha tyubu majini na kuvizia mapovu. Anayetaka msasa sharti autaje kwa Kiswahili, ndipo apewe. Maneno hayo shuleni kwao hayafundishwi, na tusipowapa sisi, hakuna atakayewapa.

Dini yatufunza kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Baiskeli nayo ina kamba yake, nayo ni pampu na kiraka. Na amwonaye ndugu amesimama kando ya njia, gurudumu mkononi, asimpite bila ya kumsalimu na kumwuliza amepungukiwa na nini.

Wabillahi tawfiq.